Juma moja, mitindo mitatu: tuchanganye vyuma, lakini kwa mpango

Kila mwaka wa masomo unapoanza, kumbi za mazoezi zilizo karibu na kampasi hujaa wanafunzi wapya, na mabishano ya zamani huanza upya. Wapo wanaosema kwamba anayetaka nguvu ainue vyuma vizito tu, mara chache, kisha apumzike. Wapo wanaosema kwamba mwili hujengwa kwa marudio mengi mpaka misuli iwake moto, na kwamba uzito mkubwa ni wa watu wenye majivuno. Kundi la tatu, dogo zaidi, ni la wale wanaopenda kuinua kwa kasi kama wanamichezo wa Olimpiki. Hao huwacheka wengine wote. Ukijaribu kuwapatanisha, utajibiwa kwa methali: mshika mawili, moja humponyoka.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika kitivo chetu, na huu ni mwaka wa nne nikinyanyua vyuma katika ukumbi mmoja wa Katuba. Nimeyasikiliza mabishano hayo vya kutosha kuwa na msimamo wangu. Naona kwamba mitindo yote mitatu inaweza kukaa katika juma moja la mtu mmoja, na kwamba kwa mwanafunzi wa kawaida ni afadhali ikae pamoja kuliko kuchagua mmoja na kuitupa mingine. Lakini naweka masharti mawili. La kwanza, kila mtindo upewe siku yake na kazi yake inayojulikana. La pili, mmoja kati yao uwe mkubwa wa juma, na mingine iutumikie. Anayechanganya bila masharti haya anapoteza jasho, chakula na pengine mgongo.

Naandika katika jarida la kitivo cha lugha kwa makusudi. Sehemu ya tatizo hili ni ya misuli, lakini sehemu nyingine ni ya maneno, na hiyo inatuhusu sisi.

Kazi tatu zinazofanana kwa mbali

Kwa mtu anayepita mlangoni, wote waliomo ukumbini wanafanya jambo moja: wanainua chuma na kukirudisha chini. Mjini tunaliita kwa neno moja la Kifaransa, musculation, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini ukifuata historia, unakuta ni michezo mitatu yenye wazazi tofauti.

Kunyanyua uzito kulikuwamo tayari katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896. Leo kuna miinuko miwili tu ya kushindania: kukinyakua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, na kukileta kwanza mabegani kisha kukirusha juu. Zamani ulikuwako wa tatu, wa kukisukuma juu kwa mikono bila msaada wa miguu. Uliondolewa baada ya Michezo ya Munich ya mwaka 1972, kwa sababu waamuzi walikuwa wanashindwa kukubaliana nani amesukuma kihalali na nani amejipinda mgongo ili kuiba. Iliyobaki ni miinuko inayodai kasi: chuma kisichopanda haraka hakifiki juu.

Mwaka huohuo wa 1972 liliundwa shirikisho la kimataifa la mchezo wa pili, ule wa nguvu tupu. Wenyewe una miinuko mitatu: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani, kukisukuma ukiwa umelala chali kwenye benchi, na kukiinua kutoka sakafuni mpaka usimame wima. Hapa hakuna anayeuliza umetumia sekunde ngapi. Kinachohesabiwa ni kilo.

Wa tatu ni kujenga misuli. Mwezi Septemba 1901, Eugen Sandow aliandaa shindano kubwa katika Royal Albert Hall mjini London. Mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, ambaye wenzetu wa idara ya Kiingereza wanamjua kwa sababu nyingine. Washindani walihukumiwa kwa umbo, kwa ulinganifu wa viungo na kwa ukubwa wa misuli. Uzito ambao kila mmoja angeweza kuinua haukuwa swali la siku ile.

Kwa hiyo tuna maswali matatu tofauti. Mtindo wa kwanza unauliza: haraka kiasi gani? Wa pili unauliza: kilo ngapi? Wa tatu unauliza: msuli umekua kiasi gani? Mabishano mengi ya ukumbini ni ya watu wanaojibu maswali tofauti huku kila mmoja akidhani mwenzake ameshindwa kujibu lake.

Kwa nini zinaweza kukaa pamoja

Vladimir Zatsiorsky, mtaalamu aliyefanya kazi Umoja wa Kisovieti kabla ya kufundisha Marekani, alieleza katika kitabu alichotoa mwaka 1995 kwamba kuna njia tatu za kuulazimisha msuli utoe nguvu yake kwa wingi. Ya kwanza ni kuinua uzito ulio mkubwa kabisa. Ya pili ni kuinua uzito wa wastani mara nyingi mpaka msuli uchoke. Ya tatu ni kuinua au kurusha uzito usio mkubwa kwa kasi yote uliyo nayo. Ukitazama vizuri, kila kundi katika kumbi zetu limeshika njia moja kati ya hizo na kuiita dini ya kweli.

Mwili wenyewe haukubali ugomvi huo. Nguvu ya mtu inasimama juu ya mambo mawili: ukubwa wa misuli yake, na uwezo wa neva kuiamuru misuli hiyo ifanye kazi kwa pamoja. Marudio mengi huongeza ukubwa. Uzito mkubwa hufundisha neva kuamsha nyuzi nyingi za msuli mara moja. Kasi huzifundisha kuziamsha mapema, kabla nafasi haijapita. Mwenye misuli mikubwa ambaye hajawahi kuinua kizito ni kama mtu mwenye kamusi nene ambaye hajawahi kuzungumza: mali anayo, lakini haitoki inapohitajika.

Utafiti unaelekea upande huohuo. Mwaka 2017 Brad Schoenfeld na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizolinganisha uzito mdogo na uzito mkubwa. Waliona kwamba misuli hukua karibu sawa kwa njia zote mbili, mradi mtu afanye kazi mpaka karibu na kuchoka. Lakini uwezo wa kuinua uzito mkubwa kabisa uliongezeka zaidi kwa wale waliofanyia mazoezi uzito mkubwa. Maana yake ni kwamba anayetaka ukubwa ana njia nyingi, ila anayetaka kilo lazima aguse kilo.

Mifano ya watu haikosekani. Franco Columbu, mzaliwa wa Sardinia, alikuwa mashuhuri kwa kuinua vizito na pia alishinda taji la Mr. Olympia mwaka 1976 na 1981. Ronnie Coleman wa Marekani alilishika taji hilohilo mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005, naye alijulikana kwa kuinua uzito ambao wajenzi wengi wa misuli hawakuuthubutu. Wanaompenda husahau kutaja kwamba baadaye alifanyiwa upasuaji wa mgongo mara nyingi. Ninamtaja ili kuonyesha kwamba mitindo miwili inaweza kukaa katika mwili mmoja. Sisemi tunakili kilo zake.

Mfano ninaoupenda zaidi si wa bingwa. Ni wa daktari Thomas DeLorme, aliyewatibu wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Yeye mwenyewe alikuwa mnyanyuaji vyuma. Wakati ambapo majeruhi walipewa mazoezi mepesi, yeye aliwapa uzito halisi na kuuongeza hatua kwa hatua, na mwaka 1945 aliandika juu ya matokeo yake. Mwanzoni seti zilikuwa nyingi. Miaka mitatu baadaye, pamoja na mwenzake Watkins, alizipunguza zikawa 3 za marudio 10, ya kwanza ikiwa na nusu ya uzito, ya pili na robo tatu, ya tatu na uzito kamili. Aliyejaribiwa pale hakuwa shabiki wa kundi lolote. Alikuwa mgonjwa aliyetaka kutembea, na alipewa kinachofaa.

Mahali palipo na hatari

Sasa niwape haki yao wenye methali ya mshika mawili. Wanaona jambo la kweli, kwa sababu mchanganyiko unaweza kuharibu.

Mwaka 1980 Robert Hickson alichapisha jaribio lililodumu majuma 10. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu za miguu, la pili mazoezi ya pumzi ya kukimbia na baiskeli, la tatu yote mawili. Kundi la tatu liliongeza nguvu vizuri kwa majuma ya mwanzo, kisha likasimama, na majuma ya mwisho likaanza kurudi nyuma, huku kundi la nguvu peke yake likiendelea kupanda. Mzigo wenyewe ulikuwa mzito: siku 5 za nguvu na siku 6 za pumzi kila juma. Wapo kati yetu wanaocheza mpira kila jioni, wanaotembea kutoka Kasapa hadi mjini kwa kukosa nauli, na kisha wanataka kuinua vyuma siku 6. Kwao jaribio hilo ni onyo la moja kwa moja.

Somo lake kwa mitindo yetu mitatu ni hili: mwili una mfuko mmoja wa kulipia uchovu. Siku ya vizito inatoa humo, siku ya kasi inatoa humo, siku ya marudio mengi inatoa humo, na mbio pia. Anayechukua mpango kamili wa bingwa wa nguvu na kuuongezea mpango kamili wa mjenzi wa misuli hajachanganya kitu. Amebeba mipango miwili, na kila mmoja uliandikwa kwa mtu asiye na kazi nyingine.

Na mfuko huo unajazwa na nini? Usingizi na sahani. Hapa tunapaswa kusema ukweli kuhusu maisha ya mwanafunzi wa Lubumbashi. Wataalamu wengi hushauri anayejenga misuli apate takriban gramu 1,6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwanafunzi wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 96. Yai moja lina takriban gramu 6, na karanga gramu 100 zina takriban 25. Wengi wetu tunakula bukari na sombe, siku njema maharagwe au ndakala au kipande cha thomson, na wapo wanaokula mara moja tu kwa siku. Simcheki mtu, nami nakula hivyohivyo. Ninachosema ni kwamba mpango wa siku 6 uliopakuliwa kwenye simu uliandikwa kwa sahani nyingine. Anayeufuata kwa sahani yetu atakonda, ataumia au ataacha, kisha atasema kwamba vyuma havifai.

Ndiyo maana napendekeza siku 3, si 6, na ndiyo maana naona mchanganyiko unamfaa mwanafunzi kuliko mwingine yeyote. Mwenye siku 6 anaweza kujipa anasa ya mtindo mmoja. Mwenye siku 3 inabidi kila siku ilete kitu ambacho siku nyingine haileti.

Juma la mwanafunzi

Tuchukue Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Jumapili watu wanasali na kufua, na mwili unapumzika.

Jumatatu ni siku ya nguvu, kwa kuwa mwili umetoka kupumzika. Mwinuko mmoja mkubwa wa miguu na mgongo: juma hili kuchuchumaa na chuma mabegani, juma lijalo kukiinua chuma kutoka sakafuni. Kuifanya yote miwili kwa uzito mkubwa siku moja ni kuudai mgongo mara mbili. Seti 5 za marudio 3 hadi 5, kwa uzito ulio karibu asilimia 80 hadi 85 ya ule unaoweza kuuinua mara moja tu. Anayeweza kilo 100 atatumia 80 au 85. Kati ya seti na seti apumzike dakika 3 hadi 5, hata kama wenzake wanamwona mvivu. Kisha kusukuma chuma kwenye benchi kwa mpango uleule, na mwisho seti 3 za kuvuta chuma kuelekea tumboni, ili mgongo upate kile kifua kilichopata. Baada ya hapo aende nyumbani.

Jumatano ni siku ya kasi. Uzito unashuka, mwendo unapanda. Aanze na kuruka juu, seti 5 za mara 3. Kisha akilete chuma kutoka chini hadi mabegani kwa mwendo mmoja, seti 6 za mara 2, na uzito usiozidi asilimia 60 au 70 ya anaoweza. Kisha akisukume juu ya kichwa kwa msaada wa magoti. Apumzike dakika 2 kila mara. Kanuni ya siku hii ni moja: chuma kikianza kupanda polepole, seti imekwisha. Mtu anapaswa kutoka ukumbini akijisikia mwepesi kuliko alivyoingia.

Jumamosi ni siku ya wingi. Seti 3 au 4 za marudio 8 hadi 15, pumziko la sekunde 60 hadi 90, na uzito ambao rudio la mwisho linakuwa gumu lakini sura ya mwendo haiharibiki. Abakishe rudio moja au mawili mfukoni. Hatua ndefu za kuchuchumaa mguu mmoja mbele, kujivuta kwenye bomba, kusukuma vyuma vya mkono, mabega, mikono, tumbo. Ni siku ya misuli kuwaka, na uzuri wake ni kwamba hakuna kazi inayofuata mpaka Jumatatu.

Ikitokea siku mbili zimebanwa zikawa moja, utaratibu ni uleule: kasi kwanza, nguvu pili, wingi mwisho. Ukianza na wingi, neva na misuli iliyochoka haitakupa kasi wala kilo, na hapo ndipo mgongo unapojipinda. Nimewaona wenzangu wawili wakiumia kwa njia hiyo, wote wawili wakiwa wamemaliza kwanza seti nyingi za miguu, kisha wakaenda kwenye chuma kizito ili kuonyeshana.

Na ule mkubwa wa juma? Kwa majuma 6 hadi 8 chagua siku moja iwe ndiyo inayopandishwa. Ukichagua nguvu, ongeza kilo 2 au 2 na nusu kwenye miinuko ya Jumatatu kila inapowezekana, na siku nyingine mbili zibaki palepale. Ukichagua wingi, ongeza seti Jumamosi na uache kilo za Jumatatu zitulie. Kila juma la nne punguza kazi yote karibu nusu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini fahali mmoja na ng'ombe wake wanakaa vizuri.

Kipindi cha mitihani kikifika, usiache kabisa. Nguvu hutunzwa kwa kazi ndogo kuliko ile iliyoijenga, mradi uzito usishushwe sana. Siku 2, seti 2 za kila mwinuko mkubwa, dakika 40, basi. Siku ya wingi ndiyo ya kwanza kufutwa, kwa sababu ndiyo inayokula usingizi na chakula zaidi.

Pingamizi ninazozijua

Mtu ataniambia kwamba anayeanza hahitaji yote haya. Nakubali kwa sehemu. Miezi 3 ya kwanza, anayeanza ajifunze miinuko michache kwa uzito mdogo, na atapata nguvu, ukubwa na kasi vyote kwa pamoja bila kupanga sana. Mpango huu ni wa yule ambaye kilo zake zimesimama na anatafuta njia.

Mwingine ataniambia kwamba vifaa vyetu haviruhusu. Ni kweli kwamba katika kumbi nyingi za mitaa vyuma ni magurudumu ya meno ya malori, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na nondo iliyochomelewa. Vinatosha kwa nguvu na kwa wingi, mradi mtu avipeleke kwenye mizani ya sokoni na kuandika kilo kwa rangi juu ya kila kimoja, kwa sababu makopo mawili yanayofanana mara nyingi hayana uzito sawa, na chuma kinachoelemea upande mmoja kinaumiza. Kwa kasi nina tahadhari zaidi. Chuma cha kunyakulia kinatakiwa kiwe na ncha zinazozunguka. Kile kilichochomelewa kinageuza viganja vya mikono kwa nguvu. Mwenye chuma cha namna hiyo afanye kasi yake kwa kuruka, kwa kurusha mfuko wa mchanga na kwa kupanda ngazi mbiombio. Njia ya tatu ya Zatsiorsky haidai chuma cha Olimpiki, inadai kasi.

Wa tatu, na huyu huja akinong'ona, atasema kwamba vyuma vizito si vya wasichana, wao wafanye marudio mengi na mepesi. Kunyanyua uzito kwa wanawake kuliingia katika Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney, na tangu hapo hakuna Michezo iliyoukosa. Dada zetu wanaobeba ndoo za maji ngazi baada ya ngazi katika mabweni tayari wanainua vizito. Wanachonyimwa ni mafunzo ya kuinua vizuri. Siku ya nguvu iwe yao kama ilivyo yetu.

Lugha ya ukumbini

Nimefika kwenye jambo linalotuhusu kama kitivo. Katika ukumbi wangu, mwalimu wa mazoezi anapomwona mtu yuko chini ya chuma, hupiga kelele: «Tia nguvu!» Hupiga kelele hiyo Jumatatu, kwa mtu aliye kwenye rudio la tatu la chuma kizito, na hapo ni neno zuri. Huipiga Jumamosi, kwa mtu aliye kwenye rudio la 12, na hapo pia linafaa. Lakini huipiga hata siku ya kasi, chuma kinapoanza kupanda polepole, na hapo ni neno la hatari, kwa kuwa wakati huo anatakiwa kusema: «Acha, shusha.» Mwalimu huyo hana kosa. Lugha anayoitumia ukumbini imempa neno moja kwa kazi tatu.

Kifaransa kinatofautisha force na puissance. Kiswahili chetu cha kila siku husema nguvu kwa yote mawili, na pia kwa afya, kwa mamlaka na kwa umeme unaokatika. Sidai kwamba lugha yetu ni maskini. Kila lugha hutofautisha yale ambayo wasemaji wake wamepata haja ya kuyatofautisha. Haja sasa ipo. Kijana wa Katuba au wa Kenya anatazama video za Kiingereza asizozielewa vizuri, anaiga mwendo, na hapati sababu ya mwendo huo. Anaona mtu akiinua mara 2 na kuacha, anadhani ni mvivu, naye anaongeza mara 10. Anapokea picha bila maelezo yake.

Katika makala hii nimetumia maneno matatu: siku ya nguvu, siku ya kasi, siku ya wingi. Sikuyaunda, kila mtu anayajua. Nimeyapa tu kazi maalumu, kila moja kazi moja. Nimesema seti na marudio. Nimeeleza miinuko kwa sentensi, kwa sababu majina mafupi yanayokubalika na wote hatujawa nayo. Huenda mwenzangu wa isimu ana majina bora, na ningefurahi kuyasikia. Kazi ndogo ya semina moja ya istilahi ingetosha: wanafunzi waende katika kumbi 4 au 5 za mji, wasikilize watu wanavyoviita vitu, walinganishe, kisha wapendekeze orodha ya maneno 50. Orodha hiyo ichapwe kwenye karatasi moja kubwa na kubandikwa ukutani, pamoja na kanuni chache: kasi kabla ya nguvu, nguvu kabla ya wingi, chuma kikipungua mwendo siku ya kasi, shusha, pima makopo yako.

Najua kitivo chetu kina kazi nyingine kubwa zaidi. Tunatafsiri mashairi, tunachambua riwaya, tunaandika kuhusu sarufi ya Kiswahili cha mji wetu. Lakini lugha huthibitisha thamani yake pia mahali ambapo neno moja lililowekwa vizuri linauokoa uti wa mgongo wa mtu wa miaka 20. Jambo hilo liko umbali wa mwendo mfupi kutoka madarasani mwetu, kila jioni, na halina mtu wa kulishughulikia.

Kwa wenzangu wanaonyanyua, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuongeza mtindo mwingine katika juma lenu, jiulizeni maswali mawili: siku hii inaleta nini ambacho nyingine haileti, na sahani yangu inaweza kuilipia? Yakijibika, changanyeni. Yasipojibika, pumzikeni. Wazee wa ukumbini hutuambia kwamba chuma hakikimbii; kesho kitakuwa palepale.